Nina Canon 700D na milioni tatu na nusu: niuze ninunue kamera ya 4K?

Swali: Ninaishi Unguja. Nataka kutengeneza filamu ya makala ya dakika 25 kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, mimi na msaidizi mmoja tu. Nina Canon 700D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na nimedunduliza shilingi milioni 3.5. Kila ninayemuuliza ananiambia bila kamera ya fremu kamili inayopiga 4K nisijisumbue, matamasha hayataipokea. Niuze hii, nijazie, ninunue hiyo? Na ni vifaa gani vingine ninavyovihitaji?

Jibu:

Usiuze bado. Ukizamisha milioni tatu na nusu yote kwenye bodi ya fremu kamili, yaani kamera yenye sensa kubwa, bila lenzi, utafika Nungwi na kamera ya kutamanisha isiyo na maiki, isiyo na filta, yenye betri moja na kadi moja. Utarudi na picha kali za fundi ambaye maneno yake hayasikiki. Mtazamaji huvumilia picha iliyo laini kidogo, lakini sauti ikipasuka anazima. Kwa hiyo nenda kinyume na ulivyoambiwa: nunua kwanza kila kisichokuwa kamera, kisha hesabu kilichobaki. Karibu vifaa hivyo vyote, ukiacha betri, vitahamia kwenye kamera utakayoinunua baadaye, kwa hiyo kitakachopotea ni kidogo.

Hilo la 4K, yaani picha yenye upana wa karibu pikseli elfu nne, lina ukweli nusu. Kifurushi cha kuonyeshea sinema cha 2K, yaani DCP, kina pikseli 2048 kwa 1080. Kimo chake ni kilekile cha picha ya 1080 unayoipiga leo. Soma masharti ya kila tamasha unalolilenga, lakini tofauti utakayoiona kwenye turubai haitatokana na idadi ya pikseli peke yake. Faida ya kweli ya 4K ni mbili: unaweza kupiga mahojiano mara moja ukayakata kwa ukubwa wa aina mbili wakati wa kuhariri, na 4K ikipunguzwa kuwa 1080 hutoa picha kali kuliko 1080 ya moja kwa moja.

Sasa tusiifiche kasoro ya 700D. Video yake ni laini, na kitu chenye mistari ya karibukaribu, kama mabati ya paa au shati la mistari, hucheza rangi kwenye picha. Haina tundu la hedifoni. Inakata kurekodi ikifika dakika 29 na sekunde 59. Kwenye jua la ufukweni kioo chake cha nyuma hakionekani vizuri, na kitundu cha kutazamia cha juu hakifanyi kazi ukiwa unapiga video. Baadhi ya haya yana dawa: programu ya bure ya Magic Lantern, inayokubali 700D, inakuongezea alama za pundamilia zinazoonyesha palipoungua na mstari wa rangi kwenye kingo zilizo kwenye fokasi. Kioo kifunike kwa kibanda cha kadibodi nyeusi au cha mpira. Soma utaratibu wa kuiweka programu hiyo kwenye kamera mpaka mwisho kabla hujaanza, na usiijaribu siku ya kazi.

Mafungu ninayokupendekezea ni haya; ni ya kupangia, si bei za duka. Sauti laki 8. Taa, stendi yake na kiakisi laki 5. Diski mbili laki 4. Stendi ya kamera yenye kichwa cha mafuta laki 3. Kadi na betri laki 3. Filta na pete zake laki 1 na nusu. Jumla ni milioni 2.45. Inabaki milioni 1 na elfu 50, na humo toa lenzi moja, nitakayoitaja chini.

Nianze na sauti, maana eneo lako ni gumu. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya kisiwa. Upepo wa kaskazi ukivuma hauna kinachouzuia. Juu yake kuna bahari, na juu ya bahari kuna shoka, tezo na nyundo ya kalafati. Pigo la nyundo kwenye ubao ni kubwa mno kuliko sauti ya mtu anayeongea akiwa amejiinamia kazini. Ukipanga kiwango kwa maneno, pigo litapasuka. Ukipanga kwa pigo, maneno yatazama. Usijaribu kuyapatanisha kwa maiki moja.

Fanya hivi. Maiki ya kubana kwenye nguo, mfano Boya BY-M1 yenye waya wa mita 6, ichomeke kwenye rekoda ndogo kama Zoom H1n, na rekoda ikae mfukoni mwa fundi. Maiki ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Hiyo ni ya maneno: mpe dakika mbili za kuongea kama anavyoongea siku zote, weka kilele kifike -12 dB (desibeli) kwenye mizani ya rekoda, washa kidhibiti cha mapigo makubwa (Limiter), kisha sukuma swichi kwenye Hold ili kanzu au shuka isibonyeze kitufe. Maiki ya pili, shotigani fupi yenye manyoya, yaani maiki inayosikia zaidi kilicho mbele yake, iko juu ya kamera au kwenye fimbo ya msaidizi wako, na hiyo ipange kwa pigo la nyundo: kilele -6 dB. Kwenye kuhariri utatumia ya kwanza anapoongea na ya pili anapopiga.

BY-M1 ina mambo matatu yanayowaponza watu. Ina betri ndogo ya LR44, na ikiisha sauti inakuwa hafifu yenye mvumo, haikatiki, kwa hiyo hugundui mpaka urudi nyumbani, beba tatu. Ina swichi ya simu na kamera, na kwenye rekoda au kamera inatakiwa iwe upande wa kamera. Tatu ni plagi: maiki nyingi za simu zina plagi yenye pete tatu nyeusi, wakati kamera na rekoda zinataka yenye pete mbili. Zikigoma kuelewana unapata sauti upande mmoja au hupati kabisa. Adapta yake haina bei kubwa. Inunue pamoja na maiki na uijaribu palepale dukani ukiwa na hedifoni masikioni.

Mkwaruzo wa nguo ndio adui mwingine. Kitambaa kigumu kikisuguana na maiki hakuna programu itakayokuokoa. Bandika plasta ya kidonda nyuma ya maiki na nyingine mbele yake, ndani ya nguo, halafu piga kitanzi kidogo cha waya na ukibandike chini yake ili mvuto wa waya usifike kwenye maiki. Fundi akiwa kifua wazi, weka maiki kwenye ukosi wa fulana iliyotundikwa shingoni au pembeni ya kofia. Sponji inayokuja na maiki haitoshi kwa upepo wa pwani. Tafuta kifuniko cha manyoya.

Maiki zisizo na waya, zile za kutumia mawimbi ya 2.4 GHz, ni nzuri na zinapunguza waya, lakini mwili wa mtu hunyonya mawimbi hayo. Fundi akigeuka na kuipa kamera mgongo, kisambazaji kikiwa kifuani, sauti inakatikakatika. Ukiwa nazo, kiweke upande unaoelekea kamera hata kama ni kiunoni nyuma. Kwa filamu yako ningekaa na rekoda ya mfukoni.

Rekodi kwa 48 kHz, biti 24, faili za WAV. Saa moja ya stereo ni karibu GB 1. H1n inakubali kadi hadi GB 32 tu, hivyo usinunue kubwa zaidi. Kwenye 700D zima upandishaji sauti wa kujiendesha, weka kwa mkono, chini, kiasi cha robo ya mizani, kwani kikuza sauti chake kina mvumo. Sauti ya kamera ni ya kulinganishia. Piga kofi moja mbele ya lenzi kila unapoanzisha kamera, kwa sababu saa ya rekoda na saa ya kamera hazitembei sawasawa: baada ya muda mrefu midomo inaanza kuachana na maneno. Na kabla ya kuondoka kila mahali, rekodi sekunde 60 za ukimya wa hapo, kila mtu akiwa ametulia. Utazihitaji kuziba mapengo.

Filta ya kupunguza mwanga, yaani ND, ndiyo kifaa ambacho wanunuzi wa kamera za bei mbaya huisahau. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 (kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde), mfumo wa PAL kwenye menyu. Ukipiga 30 na shata ya 1/60, taa za nyumbani na za dukani zitakuletea mistari inayopanda na kushuka, na haiondoki. Sasa tazama hesabu. Jua kali la mchana, ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), shata 1/50, picha sahihi inataka apecha, yaani tundu la lenzi, ya karibu f/22. Kwenye f/22 picha inapoteza ukali na kila punje ya vumbi kwenye sensa inaonekana angani kama doa. Ukitaka f/4 unarudi stopu 5, na kila stopu huongeza mwanga mara mbili: 22, 16, 11, 8, 5.6, 4. Hiyo ni ND32. Ukitaka f/2.8 ni stopu 6, ND64. Na mchanga mweupe ukikuzunguka, ongeza stopu nyingine moja.

Bila filta utalazimika kupandisha shata hadi 1/1600, na hapo nyundo inaonekana ikiruka vipandevipande badala ya kushuka.

Filta ya kuzungusha ni rahisi kwa mtu anayefanya kazi peke yake, ila chagua yenye masafa mafupi, ND2 hadi ND32, na yenye kizuizi mwisho. Zile zinazoandikwa ND2-400 hutoa msalaba mweusi katikati ya picha zikifika mwisho, hasa kwenye lenzi pana, na nyingi hugeuza rangi kuwa ya kijani au kahawia. Kwa jua la saa sita beba na ND64 ya kawaida pembeni. Nunua zote za kipenyo cha milimita 67 halafu pete za kuunganishia: 18-55 yako, kama ni ya STM, inachukua 58, na 50mm f/1.8 STM inachukua 49. Kama 18-55 yako ni ile ya zamani ambayo mdomo wake huzunguka ikitafuta fokasi, filta ya kuzungusha itabadilisha mwanga kila fokasi inapohama. Kwa hiyo funga fokasi kwanza, kisha ndio uzungushe filta.

Lenzi ninayokushauri ni hiyo 50mm f/1.8 STM, iliyotumika ikiwa safi. Kwenye sensa ya 700D inaona kama 80mm. Mahojiano, ukiwa mita 2 hadi 2.5 kutoka kwa mzee, unapata uso na mabega na jahazi nyuma yake likiwa limelainika. Usiifungue hadi f/1.8: mzee akiegemea mbele sentimita chache jicho limeshatoka. f/2.8 hadi f/4 inatosha. Kwa mapana na mikono kazini, 18-55 yako iko sawa.

Kuhusu mwanga wa nje, usipige mahojiano kuanzia saa nne hadi saa tisa na nusu. Jua liko utosini, tundu za macho zinakuwa nyeusi na paji la uso linang'aa. Kama ratiba ya fundi haikupi nafasi, mketishe kwenye kivuli cha tumbo la jahazi lililo nchi kavu, akitazama nje kwenye uwazi. Mchanga wenyewe utakuwa kiakisi. Ukiona mwanga unatoka chini zaidi ya pembeni, na uso unaonekana kama wa mtu anayetisha watoto, tandika turubai la rangi nyeusi kwenye mchanga ulio karibu na miguu yake, uache ule wa mbali.

Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe itadanganywa na mchanga na anga, na fundi atatoka kivuli kitupu. Pima uso. Kwenye mizani ya 0 hadi 100, ngozi nyeusi ikae takriban 40 hadi 55, na mbingu nyuma ikiungua kidogo iache iungue, au sogeza kamera ili nyuma kuwe na mbao. Rangi ya mwanga ifunge: Kelvini 5200 hadi 5600 nje, usiiache ijichagulie, maana ubao mwekundu ukiingia kwenye fremu ngozi nzima itahamia kwenye buluu. Mtindo wa picha weka wa Neutral, ukali sifuri, utofauti wa mwanga na giza upunguze hatua mbili. ISO usipite 800 ila kwa dharura.

Taa: moja inatosha. LED ya wati 60 yenye rangi ya mchana, mfano Godox SL60W, haipigwi usoni moja kwa moja. Ielekeze kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, upande wa pembeni, na zima balbu nyingine zote chumbani. Balbu za bei rahisi huchanganya kijani. Ina feni inayosikika, basi iweke mbali na maiki. Umeme ukikatika, jenereta inaweza kuyumbisha mzunguko na taa za watu wengine zikaanza kumetameta, hivyo mahojiano yapange karibu na dirisha ili ukosefu wa umeme usikusimamishe.

Sasa turudi kwenye ile milioni na kitu iliyobaki. Ukitoa lenzi na ukaongeza utakachopata kwa 700D, unaweza kugusa bodi iliyotumika, na hapo kuna njia tatu. Canon 80D inatumia lenzi zako zilezile, ina tundu la hedifoni na fokasi inayomfuata mtu vizuri, lakini ni 1080 tu. Sony a6400 inapiga 4K, fokasi yake ni ya kutegemewa, ina kitundu cha kutazamia kwenye jua. Haina hedifoni, haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na ukiizungusha haraka nguzo zinalala upande. Panasonic GH5, ya mwaka 2017, ndiyo ningeiendea kwa filamu hii: 4K ya biti 10 (yenye ngazi nyingi zaidi za rangi), hairekodi kwa kikomo cha muda, ina kitulizo ndani, hedifoni, kitundu na nafasi mbili za kadi, hivyo unaweza kuandika nakala mbili kwa wakati mmoja. Udhaifu wake ni fokasi ya kujiendesha, ambayo hupumua mbele na nyuma kwenye video. Itumie kwa mkono. Sensa yake ni ndogo, 50mm inakuwa kama 100mm, na adapta ya Viltrox EF-M2 inayopunguza kwa 0.71 inairudisha hadi karibu 71mm na kukuongezea stopu moja ya mwanga. Kabla ya kulipa, omba faili moja ya biti 10 na ujaribu kama kompyuta na programu yako vinaifungua bila kukwama.

Bodi iliyotumika ipime hivi. Rekodi 4K dakika 30 mfululizo ukiwa kivulini nje, si ndani ya kiyoyozi, uone kama inachemka na kujizima. Chomeka maiki na utikise plagi; ikikwaruza, tundu limelegea. Funika lenzi, ISO 3200, tafuta nukta zinazowaka. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma: nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, achana nayo hata kwa bei ya bure, inaweza kuambukiza nyingine. Sony iliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo jaribu kubadilisha lugha mbele ya muuzaji.

Kuvu ndio ugonjwa wa visiwani. Hifadhi vifaa kwenye ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, gramu 200 hadi 300 za silika jeli na kipima unyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni au sufuria kavu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo ukungu utatanda hata ndani ya lenzi. Jioni futa chumvi kwa kitambaa kilichoguswa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Lenzi usibadilishe ufukweni. Ingia ndani ya nyumba au gari, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Kabla ya siku ya kwanza shughulikia vibali. Zanzibar ina utaratibu wake wa upigaji filamu, tofauti na wa Bodi ya Filamu ya Bara, na ndege isiyo na rubani inataka kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kadi nunua za V30, GB 128, nne badala ya moja kubwa. V30 ina maana haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, na 4K ya megabiti 150 kwa sekunde inahitaji chini ya megabaiti 19. Kadi bandia ni nyingi, na nyingi huonyesha GB 128 ilhali ndani kuna 16. Zijaze zote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla ya kazi. 700D inakula chini ya GB 20 kwa saa, GH5 kwa megabiti 150 ni karibu 68. Kwa makala ya dakika 25 tegemea kurudi na saa 15 hadi 20 za picha, ndiyo maana nimepanga diski mbili, na ziwe za TB 2. Kila jioni nakili kadi kwenye diski zote mbili, fungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kwenye kila diski, na ubandike kipande cha plasta nyekundu juu ya kadi iliyojaa. Plasta inabanduliwa na mtu mmoja tu, wewe au msaidizi, kubalianeni mapema ni nani, na ni huyo pekee anayefuta kadi. Diski ya pili ilale nyumba nyingine.